Namna ya Kuchagua Mchoro wa Ndimi za Moto kwa Pikipiki ya Safari Ndefu

Kiswahili kimeshaiita pikipiki chombo cha moto, kwa hiyo anayetaka kuichora ndimi za moto hajaenda mbali na jina lake. Ugumu hauko katika kuupenda mchoro huo. Uko katika kuutafutia mahali pake juu ya pikipiki ya safari ndefu, ambayo ni kubwa, ina vipande vingi vinavyopakwa rangi kimoja kimoja, hubeba mizigo na abiria, na hushinda juani na barabarani tofauti kabisa na pikipiki ya maonyesho inayotolewa ghalani ikiwa imefunikwa shuka. Mwongozo huu umekusudiwa mwenye pikipiki anayejiandaa kumpelekea fundi wa rangi kazi hiyo, na msimamo wake ni mmoja tangu mwanzo: mchoro huchaguliwa juu ya pikipiki yenyewe, ikiwa imepakia kama inavyosafiri, wala hauchaguliwi katika picha ya pikipiki ya mtu mwingine.

Hatua ya 1: Anza na pikipiki, picha zisubiri

Ioshe pikipiki, iweke mahali tambarare penye nafasi ya kuizunguka, kisha ipakie kama unavyoipakia siku ya safari: mkoba wa juu ya tanki, masanduku ya pembeni, sanduku la nyuma, pamoja na kila wavu na kamba unayoitumia. Mwombe mtu mwenye kimo kama chako aipande, na kama huwa unabeba abiria, apandishwe na abiria pia. Simama hatua kumi kando yake, uandike ni sehemu zipi zenye rangi zinazobaki wazi, kwa kuwa hizo tu ndizo zitakazobeba mchoro.

Mimi nililijua hili baada ya hasara. Pikipiki yangu ya kwanza kuchorwa niliichagulia mchoro ambao uzuri wake wote ulikuwa ubavuni mwa tanki, pale ndimi tatu zilipopishana moja juu ya nyingine, na fundi akaifanya kazi hiyo kwa ustadi usio na dosari. Nilipoipanda na kumwomba rafiki anipige picha, goti langu lilikuwa limezifunika ndimi zote tatu, na kilichoonekana ni vimikia viwili vilivyochomoza nyuma ya suruali kama nyasi zilizonaswa. Fundi alichora alichoagizwa. Aliyeagiza hakuwahi kujitazama akiwa amekaa.

Mbali na goti, yako maeneo mengine ya kuwekea alama. Mkoba wa tanki hufunika sehemu ya juu na huisugua rangi kila siku ya safari, hasa vumbi likiingia chini yake. Buti la abiria hugonga kifuniko cha sanduku la pembeni anapopanda na kushuka. Madigadi ya mbele na sehemu ya chini ya kava la mbele, yaani ganda linalomkinga dereva na upepo, hupigwa na kokoto pamoja na wadudu. Maeneo haya yanaweza kuchorwa, ila ni vyema yasibebe kazi nyembamba na ya gharama kubwa kuliko nyingine.

Katika karatasi hiyohiyo andika kila kipande kimetengenezwa kwa kitu gani, kwa kuwa chuma, plastiki na faiba haviandaliwi kwa namna moja, na plastiki inayopinda huhitaji maandalizi yatakayoizuia rangi isipasuke. Usikadirie kwa macho. Katika Honda Gold Wing, kwa mfano, ambayo ukoo wake ulianza kuuzwa mwaka 1975, tanki halisi la mafuta liko chini ya kiti, na kile kinachoonekana kama tanki mbele ya dereva ni kava tu.

Hatua ya 2: Soma mistari ya pikipiki

Ndimi za moto huvutia kwa sababu zinaonyesha mwendo, na mwendo wa pikipiki una njia yake ambayo mtengenezaji alikwisha kuichora kabla yako. Piga picha ya ubavu mzima ukiwa umesimama mbali na kamera ikiwa usawa wa katikati ya injini, maana picha ya karibu huyavimbisha magurudumu na kupindisha kila kitu. Ichapishe nakala kadhaa kwa rangi ya kijivu iliyofifia, kisha kwa penseli fuatisha mistari mikuu: ule unaotoka ukingo wa juu wa kava la mbele, ukapanda tanki na kushuka kuelekea kiti, na ule wa chini unaopita pembeni mwa injini hadi kwenye masanduku. Mchoro mzuri hupita juu ya mistari hiyo au sambamba nayo kwa muda, kisha huachana nayo polepole. Ule unaoikata katikati huifanya pikipiki ionekane imevunjika.

Tazama sana mahali kava la mbele lilipofungwa. Katika pikipiki nyingine limefungwa pamoja na usukani na hugeuka nao, kama ilivyo katika Harley-Davidson Street Glide; katika nyingine limefungwa kwenye fremu na halitikisiki, kama ilivyo katika Road Glide ya kampuni hiyohiyo. Tofauti hii huamua mengi. Kama kava linageuka, ulimi wa moto unaoanzia kwenye kava na kumalizikia kwenye tanki utakatika kila usukani unapokunjwa, na ukumbuke kwamba pikipiki iliyoegeshwa kwa stendi ya pembeni huwa imekunja usukani. Maana yake mchoro utakuwa umevunjika wakati uleule watu wanapoukaribia kuutazama. Kwa kava la namna hiyo, umalize moto wa kava ndani ya kava, na moto wa tanki uanze upya kwa umbo linalofanana na ule wa mwanzo. Kama kava halisogei, ulimi unaweza kuruka pengo ukaendelea, mradi fundi achore vipande vikiwa vimefungwa mahali pake na ndipo avifungue kwa ajili ya kupuliza.

Jambo jingine la kuamua hapa ni moto uanzie wapi. Wako wanaotaka kila kipande kiwe na moto wake kamili, chenye kichwa na mikia, kuanzia madigadi hadi sanduku la nyuma. Mimi naona pikipiki kubwa haivumilii hilo, kwa sababu jicho hukosa pa kuanzia. Napendekeza moto uwe na uzito wake wote mbele, upungue kwenye tanki, na ufike kwenye masanduku ya pembeni ukiwa mikia mirefu miwili au mitatu tu. Sanduku la nyuma liachwe na rangi ya msingi. Pengine litaonekana tupu kwenye karatasi, lakini juu ya pikipiki litampa mtazamaji mahali pa kupumzisha macho.

Hatua ya 3: Chagua ukoo wa ndimi

Ndimi za moto zina koo kadhaa, na kuzichanganya ndani ya mchoro mmoja ni kosa la kawaida la mtu aliyekusanya picha nyingi. Ukoo mkongwe ni ule uliostawi California, Marekani, katika miaka ya 1950, juu ya magari ya zamani yaliyoongezewa nguvu za injini. Kenneth Howard, aliyefahamika zaidi kwa jina la Von Dutch, ni miongoni mwa waliozipa umaarufu ndimi hizo pamoja na mistari myembamba ya brashi. Ndimi za ukoo huu huanza kwa mwili mnene wenye rangi moja, zikajigawa katika mikia mirefu iliyopinda, na kila panapoachana ndimi mbili pana nafasi ya mviringo kama tone la maji. Larry Watson, mchoraji wa kipindi hichohicho, alizirefusha na kuzikondesha hadi zikafanana na mwani unaochukuliwa na mkondo, na ndiyo maana ukoo huo huitwa kwa jina la mwani.

Kuna ndimi kali zenye ncha kama miiba na pembe zilizovunjika, zinazofuata michoro ya chale za mwilini. Kuna pia moto unaofanana na moto wa kweli, ambao Mike Lavallee wa Marekani ndiye aliyeutangaza zaidi. Huu hauna ukingo wala mstari. Hupulizwa kwa brashi ya hewa juu ya rangi nyeusi, tabaka kwa tabaka, manjano juu ya chungwa na chungwa juu ya nyekundu, hadi upate kina. Mwisho kuna ndimi za mzimu, ambazo hupulizwa kwa rangi ya lulu inayokaribiana sana na rangi ya msingi. Kivulini hazionekani, ila jua likiziangukia kwa pembe fulani hujitokeza zote kwa pamoja.

Kwa pikipiki inayosafiri, ushauri wangu unategemea umbali. Watu wengi wataiona pikipiki yako kutoka ng'ambo ya barabara, au ikiwapita. Ndimi za kale husomeka kutoka umbali huo kwa sababu zina ukingo ulio wazi. Moto wa kweli ni wa kustaajabisha kwa mtu aliyeinama juu ya tanki, lakini ukisogea mbali hugeuka wingu la rangi ya chungwa, na juu ya vipande vidogo haupati nafasi ya kutanuka. Uutumie ikiwa kava na masanduku yako ni mapana na una hakika kwamba fundi ameshaufanya mara nyingi. Ndimi za mzimu zinamfaa anayetaka pambo lisilopiga kelele, ila ajue kwamba kipande kimoja kikipata ajali, kuilinganisha upya ile lulu ni kazi ngumu. Ndimi za miiba sizipendi kwenye pikipiki za safari, na nakiri kwamba hapo nasema ladha tu.

Hatua ya 4: Uchunguze ulimi mmoja

Baada ya kuchagua ukoo, acha kutazama mchoro mzima. Chukua ulimi mmoja, uufuatishe kwa kidole kutoka shina hadi ncha, kwa sababu ubora wa kazi yote uko hapo. Ulimi uliochorwa vizuri hupinda mara mbili, kwanza upande huu na kisha ule, kwa mpindo usiokuwa na kona wala mahali palipobapa. Unene wake hupungua bila kusita kuanzia shinani, na ncha yake huishia kwenye ukali wa sindano. Ncha butu, ambayo inaonekana kana kwamba tepu ya kuzuia rangi ilikatwa kwa haraka, ni dalili ya kwanza ya mkono usiozoea.

Kisha tazama zile nafasi zilizo kati ya ndimi, ambazo wengi huziona kama mabaki ya rangi ya chini. Nafasi hizo nazo ni maumbo, na zinatakiwa ziwe na mwendo uleule: kichwa cha mviringo kilichojaa, kinachosinyaa taratibu kuelekea nyuma. Njia rahisi ya kulithibitisha hili ni kuigeuza picha juu chini, au kuzijaza nafasi hizo wino na kuuacha moto mweupe. Kama nafasi zinaonekana nzuri zenyewe, mchoro ni mzuri. Kama zinaonekana kama vipande vya kioo kilichovunjika, umbo la ndimi lina kasoro ambayo rangi haitaificha.

Ndimi jirani zisilingane urefu, wala zisiende sambamba kama meno ya kitana. Angalia vilevile mahali ncha zinapoishia. Ncha inayogusa ukingo wa kipande bila kuuvuka huonekana kama ajali. Inapaswa ama iishie mbali na ukingo, ama ipite moja kwa moja na kuzama upande wa pili. Ndimi mbili zinapopishana, ni lazima ijulikane ipi iko juu na ipi iko chini, na fundi hodari huweka kivuli chembamba chini ya ile ya juu ili jicho lisibabaike.

Suala la pande mbili kulingana huzua mabishano mengi. Ubavu wa kulia na wa kushoto wa pikipiki haviwezi kuonekana kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna haja ya kulingana nukta kwa nukta, na ndimi zilizochorwa kwa mkono huru kila upande mara nyingi huwa na uhai zaidi. Hali ni tofauti juu ya tanki, juu ya madigadi na usoni mwa kava la mbele. Hapo pande zote mbili huonekana pamoja, na hata tofauti ya milimita chache humsumbua dereva anayeitazama kilomita baada ya kilomita. Katika sehemu hizo fundi achore upande mmoja kwenye karatasi, atoboe vitundu kufuata mstari, ageuze karatasi, kisha apitishe unga wa chaki ili mchoro uhamie upande wa pili.

Hatua ya 5: Chagua rangi kwa mwanga, si kwa jina

Utaratibu wa kale ni kuanza na manjano au nyeupe mbele, kuingia rangi ya chungwa katikati, na kumalizia na nyekundu kwenye mikia, juu ya msingi mweusi. Utaratibu huu umedumu kwa sababu rangi zinapokezana bila kupigana, na weusi wa msingi huzisukuma mbele. Hata hivyo haulazimishi. Buluu inayofifia kuwa nyeupe, zambarau juu ya rangi ya fedha, au damu ya mzee juu ya nyeusi vinaweza kupendeza vilevile, mradi kuwe na tofauti ya kutosha kati ya mwanga wa ndimi na giza la msingi. Ili kuipima tofauti hiyo, piga picha ya sampuli na uigeuze kuwa ya kijivu kwenye simu yako. Ndimi zikimezwa na msingi katika picha ya kijivu, zitamezwa pia jioni na siku ya mawingu, hata kama rangi zenyewe ni tofauti kama nyekundu na kijani.

Aina ya rangi ni muhimu kama rangi yenyewe. Rangi ya kawaida isiyo na chembechembe za mng'ao ndiyo nyepesi zaidi kurekebisha. Rangi ya metaliki ina chembechembe zinazolala kila mahali kwa namna yake kulingana na kasi ya mkono na umbali wa bomba, na ndiyo maana vipande vya pikipiki moja vilivyopulizwa siku tofauti hukataa kufanana. Rangi ya kandi ni tabaka la rangi inayopitisha mwanga, lililo juu ya msingi wa fedha au dhahabu; mwanga huingia, hugonga msingi na kurudi nje, na hapo ndipo unapotoka ule mng'ao wa peremende iliyolowa. Kila mpulizo unaoongezwa huifanya iwe nzito zaidi, hivyo tanki lililopulizwa mara nne halitafanana na sanduku lililopulizwa mara tano. Kandi ikikwaruzwa, kiraka huonekana karibu kila mara, na mara nyingi kipande kizima hulazimika kurudiwa. Aidha, baadhi ya rangi za kandi hufifia juani upesi kuliko rangi za kawaida. Ikiwa pikipiki yako hulala nje, napendekeza msingi uwe wa rangi ya kawaida au metaliki, na kandi ibaki ndani ya ndimi tu, ambako eneo ni dogo na kufifia kidogo hakutaonekana haraka.

Usikubali rangi kwa kuitazama kwenye skrini wala kwenye kijitabu cha sampuli. Mwombe fundi apulize kibao chenye umbo la mviringo, kama kipande cha madigadi ya zamani, kwa tabaka zote pamoja na klia, yaani tabaka angavu la juu linaloilinda rangi, maana rangi juu ya bapa haifanyi kama ifanyavyo juu ya tumbo la tanki. Kitoe kibao hicho nje saa tano asubuhi, kitazame kivulini, kisha usiku chini ya taa. Ukiwa bado unakipenda katika hali zote tatu, andika namba za rangi na idadi ya mipulizo nyuma yake, na ukitunze.

Hatua ya 6: Amua kuhusu mstari wa ukingo

Ndimi za kale huzungushiwa mstari mwembamba wa rangi nyingine. Mstari huo una kazi mbili, kuitenga rangi ya moto na rangi ya msingi, na kuuficha ukingo ulioachwa na tepu. Kwa kawaida buluu hafifu au kijani cha ndimu hufanya kazi vizuri kuzunguka moto wa manjano na nyekundu, kwa kuwa hutofautiana nazo waziwazi. Uliza kama utachorwa kwa brashi na mkono au kwa tepu, na kama utakuwa chini ya klia au juu yake. Mstari ulio juu ya klia hupendeza kwa jinsi unavyohisika kidoleni, lakini kitambaa cha kuoshea na mkoba wa tanki vitaumaliza mapema. Kwa pikipiki ya safari uwe chini.

Hatua ya 7: Uweke mchoro juu ya pikipiki kwa tepu

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, ingawa haihitaji zaidi ya jioni moja. Nunua tepu nyembamba ya mafundi wa rangi, ile inayopinda bila kukunjamana. Upana wa milimita 3 unatosha kwa michoro mingi. Safisha vipande mafuta na nta, kisha anza mbele. Bandika mwanzo wa tepu kwa kidole gumba, uivute kwa mkono mwingine ikiwa imekazwa kidogo hewani, na uiache ishuke yenyewe juu ya rangi huku ukiielekeza. Usiibonyeze kipande kwa kipande, kwa sababu itatoa vikona. Mpindo ukikataa, ibandue na uanze tena. Tepu hiyo imetengenezwa kwa kubanduliwa.

Ukishamaliza ubavu mmoja, jaza ndani ya ndimi karatasi ya rangi inayokaribiana na uliyoichagua, au uzibe kwa tepu ya karatasi ya kawaida. Rudisha mizigo na dereva mahali pao. Tazama kutoka hatua kumi, kutoka ishirini, na kutoka mbele kama atakavyoiona mwenye gari linalokuja. Geuza usukani kulia na kushoto. Fungua vifuniko vya masanduku uone ulimi unakatika wapi. Kisha piga picha na uiache pikipiki hivyo usiku kucha. Asubuhi, kabla hujakumbuka ulichokipenda jana, jicho lako litaenda moja kwa moja kwenye kosa, na mara nyingi kosa hilo ni ulimi mmoja uliozidi. Usiiache tepu juani kwa siku nyingi, maana gundi yake hubaki juu ya rangi.

Hata kama hujui kuchora, fanya hatua hii. Fundi ataunyoosha mpindo wako. Anachokihitaji kutoka kwako ni urefu, uzito na mahali.

Hatua ya 8: Mchague fundi na mwandikiane

Mtembelee fundi karakanani, na uombe kuona pikipiki aliyoichora angalau mwaka mmoja uliopita, kwa kuwa kazi mpya zote hung'aa. Tazama mwanga wa dirisha au taa ndefu ukiakisiwa juu ya tanki: ukingo wa mwanga huo uwe umenyooka, usiwe na mawimbi kama maganda ya chungwa. Pitisha ukucha polepole kutoka rangi ya msingi kuingia kwenye ulimi wa moto. Ukucha ukikwama, ujue klia haikutosha au haikusuguliwa kati ya tabaka. Kazi nzuri hupigwa klia, ikasuguliwa kwa msasa laini wa maji hadi ngazi iliyoachwa na tepu itoweke, ndipo ikapigwa klia ya mwisho.

Makubaliano yawe kwenye maandishi, na yasiishie kwenye bei na tarehe. Yataje vipande vinavyochorwa kimoja kimoja na nani atavifungua na kuvirudisha. Yaseme kwamba rangi ya msingi ya vipande vyote itapulizwa kwa pamoja. Yataje aina ya klia, ambayo lazima iwe ya kuchanganywa na dawa ya kuigandisha, kwa sababu klia isiyo na dawa hiyo hulainika petroli ikimwagika karibu na mfuniko wa tanki. Yaeleze pia kwamba ndani ya shingo ya tanki, nyuzi za boliti na matundu ya kutolea maji vitazibwa kabla ya kupuliza, na kwamba rangi itakayobaki utakabidhiwa ikiwa kwenye chupa zenye majina na namba. Ambatanisha picha za tepu ulizopiga katika hatua iliyotangulia. Picha hizo huzuia maneno mengi.

Kwa anayefikiria kupuliza mwenyewe nyumbani ili aokoe fedha, atambue kwamba dawa ya kugandisha klia huwa na isosayaneti, kemikali inayoweza kusababisha pumu ya kudumu, na kinyago cha vumbi hakiizuii. Wanaoifanya kazi hiyo kila siku huvaa kinyago kinacholetewa hewa safi kwa bomba kutoka nje. Atandaze tepu mwenyewe kama anapenda, lakini kupuliza amwachie mwenye vifaa.

Hatua ya 9: Kadi ya usajili, bima na kofia

Katika nchi nyingi rangi kuu ya chombo huandikwa kwenye kadi ya usajili, na ikibadilika ni lazima mamlaka iarifiwe. Ndimi peke yake huenda zisihesabiwe, lakini msingi ukitoka nyeupe kuwa mweusi, arifu. Mwambie pia mtoa bima kabla ya kazi kuanza na umpe picha pamoja na risiti, la sivyo siku ya ajali huenda ukalipwa thamani ya rangi ya kiwandani tu. Taa na viakisi mwanga visiguswe kabisa. Wanaotaka kofia ya kujikinga ifanane na pikipiki wasome kwanza maelekezo ya mtengenezaji wake, kwa kuwa tina, yaani kimiminika cha kuzimulia rangi, na baadhi ya rangi huyadhoofisha maganda ya plastiki bila kuacha alama inayoonekana.

Hatua ya 10: Ipokee mchana, kisha iache ipumue

Usiipokee pikipiki jioni wala ndani ya karakana. Itoe nje, itazame juani kipande kwa kipande ukiwa na picha zako za tepu na kile kibao cha sampuli mkononi. Linganisha kibao na kava, kava na tanki, tanki na masanduku. Funga na ufungue vifuniko vyote, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, uone kama kuna mahali plastiki inasugua rangi mpya. Kasoro inayoonekana siku hiyo ni ya fundi. Inayogunduliwa baada ya safari ya kwanza itabishaniwa.

Klia ikishakauka kwa kuguswa, bado inaendelea kukomaa na kutoa mvuke kwa wiki kadhaa. Fuata maelekezo ya mtengenezaji wake, ambayo mara nyingi hutaka usubiri kati ya siku 30 na 90 kabla ya kupaka nta. Katika muda huo osha kwa maji mengi na sabuni laini, usiifunike pikipiki kwa turubai lisilopitisha hewa, usifunge mkoba wa tanki, na petroli ikidondoka ifute papo hapo. Muda huo ukipita, bandika karatasi angavu ya kinga kwenye madigadi ya mbele, sehemu ya chini ya kava, mahali pa magoti na mahali buti la abiria linapopita. Kokoto ikipenya hata hivyo na kung'oa kipunje cha rangi, chukua ile chupa yenye namba, chovya ncha ya kijiti cha meno, na uweke tone moja tu katikati ya shimo.